Mbwa na Kuku Katika Boma Moja: Je, Ua wa Umeme Utatusaidia?

Katika nyumba nyingi hapa kwetu utakuta wote wawili: mbwa wa kulinda boma usiku, na kuku wa kienyeji wanaookota nyuma ya jikoni. Mbwa anatakikana, kwa sababu bila yeye wezi wangebeba hata hao kuku. Kuku nao wanatakikana, kwa sababu hao ndio daftari la shule, ndio sukari, ndio nauli ya kwenda hospitali, na mgeni akija ghafla ndio kitoweo. Shida inakuja pale mlinzi mwenyewe anapogeuka kuwa mwizi.

Hasara hii huwaangukia sana wale wasio na kingi. Katika familia nyingi ng'ombe ni wa baba, lakini kuku ni wa mama na watoto. Mbwa akiingia katikati ya kuku asubuhi moja, benki ya mama imevunjwa. Na kama mbwa ni wa jirani, basi hata salamu zinaweza kukatika.

Siku hizi vifaa vya umeme vya kuzuia mbwa vinapatikana katika maduka ya mjini, na wengine wanaviagiza kwa simu. Kwa hivyo swali ni la haki: je, vinafaa kwetu? Hebu tuangalie jinsi vinavyofanya kazi, mahali vinaposhindwa, na lile ambalo mtu asiye na pesa nyingi anaweza kufanya wiki hii.

HASARA NI KUBWA KULIKO INAVYOONEKANA

Tuchukue mfano. Mtetea ametaga mayai 12, akayalalia siku 21, akaangua vifaranga 10. Siku ya tano mbwa anamuua. Wengi watasema, "Nimepoteza kuku mmoja." Hapana. Wale vifaranga 10 bado hawana manyoya ya kuwatosha, na usiku walikuwa wakipata joto chini ya mabawa ya mama yao. Wasipowekewa joto la taa au jiko, watakufa. Ongeza mayai ambayo mama huyo angetaga mwaka mzima.

Tena wale waliobaki hawako sawa. Kuku anayeishi kwa hofu hupunguza kutaga, ama anahamia kutaga vichakani, ambako nguchiro anamngojea. Kwa hivyo kabla ya kusema ua ni ghali, kaa chini na kalamu uhesabu umepoteza kuku wangapi kwa mwaka mmoja, na kila mmoja angeuzwa pesa ngapi sokoni. Wengine watashangaa kuona kwamba tayari wamelipia ua, ila ua wenyewe hawana.

KWA NINI MBWA HUKIMBIZA KUKU

Mbwa si mchawi, wala si ati ana roho mbaya. Ameumbwa kukimbiza kitu kinachokimbia. Kuku akishtuka, akapiga mabawa na kelele, mbwa anaona mchezo. Mara ya kwanza anakimbiza tu. Siku atakapomkamata mmoja, amejua utamu wake, na kumrudisha nyuma ni kazi ngumu. Njaa huongeza shida, lakini hata mbwa aliyeshiba hukimbiza. Mbwa wawili au watatu wakiwa pamoja, ujasiri wao unazidi.

Kumpiga jioni kwa kosa la asubuhi hakusaidii kitu. Mbwa hawezi kuunganisha kiboko cha jioni na kuku wa asubuhi. Anachojifunza ni kukuogopa wewe. Kuna pia wale wanaomfunga mbwa shingoni kuku aliyekufa mpaka aoze. Hii nayo haifundishi. Inaleta nzi na uvundo, na kama kuku huyo alikuwa na ugonjwa, unautembeza boma zima. Kuku aliyekufa azikwe ndani, asitupiwe mbwa.

AINA ZA UA WA UMEME: TUSIZICHANGANYE

Watu wakisema "ua wa umeme" mara nyingi wanazungumza juu ya vitu tofauti.

1. Waya unaopiga. Huu ndio ua tunaoujua wa kuzuia ndovu. Ule wa msitu wa Aberdare, uliomalizika mwaka wa 2009, una urefu wa karibu kilomita 400. Waya haubebi umeme wa kawaida. Kuna mashine maalum inayotuma mpigo mmoja mfupi sana karibu kila sekunde, halafu inanyamaza. Nguvu yake ni maelfu ya volti, lakini kwa kuwa mpigo unakwisha mara moja, mnyama anashtuka, anaumia, anaachia, anaenda zake. Mashine hii inaweza kutumia betri inayochajiwa na sola. Ni lazima iwe na vyuma vilivyozamishwa ardhini, la sivyo haipigi vizuri. Nyasi zikigusa waya, nguvu inapungua, kwa hivyo kufyeka ni kazi ya kila mara.

Ua kama huu unaweza kuzungushwa nje ya ua wa kuku, waya mmoja chini karibu na pua ya mbwa na mwingine juu kidogo. Faida yake ni kwamba unamzuia mbwa yeyote: wako, wa jirani, na yule asiye na mwenyewe. Lakini watoto wafundishwe, na kibao cha onyo kiwekwe mahali kinapoonekana.

2. Ua usioonekana. Huu ni tofauti kabisa. Mmarekani Richard Peck alipata hataza ya njia hii mwaka wa 1973. Waya unafukiwa ardhini kuzunguka mahali unapotaka kulinda, na miisho yake miwili inaunganishwa na kisanduku kilichomo ndani ya nyumba. Kisanduku kinatuma mawimbi ya redio katika waya. Mbwa anavaa mkanda wa shingoni wenye kifaa kidogo na betri. Akikaribia waya, mkanda unalia kwanza. Akiendelea mbele, mkanda unampiga shoti shingoni. Waya wenyewe haupigi mtu wala kuku. Kuku wanapita juu yake bila hata kujua.

3. Mkanda wa setilaiti. Huu hauna waya. Unapima mahali mbwa alipo kwa msaada wa setilaiti angani. Shida ni kwamba kipimo chake kinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Kwa mwenye ekari nyingi si neno. Lakini kwa ploti ya hamsini kwa mia, ambapo banda la kuku liko hatua chache kutoka mlangoni, kosa la mita kadhaa linatosha kumwacha mbwa ndani ya banda huku mkanda ukidhani yuko nje.

HATARI! SOMA HAPA MARA MBILI

Kuna wale wanaochukua waya wa kawaida wakauunganisha moja kwa moja na stima ya nyumba ili kuzuia mbwa au wezi. Ndugu zetu, huo si ua, huo ni mtego wa kuua watu. Stima ya nyumba ni volti 240 na haikatiki kama ule mpigo mfupi. Inakaza misuli, na aliyeshika waya anaweza kushindwa kuachia. Atakayeugusa huenda asiwe mbwa. Huenda akawa mtoto anayefuata mpira, au mama anayeanika nguo baada ya mvua. Nayo sheria haitauliza kama ulikuwa ukilinda kuku. Usifanye hivyo, na ukiona kwa jirani, mwambie leo.

UA USIOONEKANA: UNACHOWEZA NA USICHOWEZA

Turudi kwa ule wa mkanda, kwa sababu ndio watu wanaouliza zaidi. Unaweza kusaidia kwa mbwa mmoja au wawili wa nyumbani waliofundishwa. Tena si lazima uzungushe boma zima. Zungusha waya kwenye banda na mahali kuku wanapookotea, ukiacha nafasi kidogo nje ya wavu. Hivyo mbwa anabaki huru kulinda sehemu nyingine yote. Zile nyaya mbili zinazotoka kwenye kisanduku mpaka banda zisokotwe pamoja kama kamba. Zikisokotwa, mawimbi yake yanauana, na mbwa anaweza kupita hapo bila kupigwa.

Sasa upungufu wake:

- Haumzuii mbwa asiyevaa mkanda. Mbwa wa jirani anaingia kama nyumbani kwake.
- Haumzuii nguchiro, kicheche, paka mwitu wala mwewe. Kuku anayetoka nje ya mpaka pia hana ulinzi.
- Stima ikipotea, kisanduku kinanyamaza, isipokuwa kama kina betri ya akiba. Betri ya mkanda ikiisha, ni hivyo hivyo. Kuna mbwa wanaogundua kwamba mkanda haulii tena.
- Jembe likikata waya, ua wote umekufa mpaka uunganishwe. Vingi vya visanduku hivi hulia waya ukikatika, lakini lazima awepo mtu wa kusikia.
- Mbwa mwenye hamu kali anaweza kuvumilia shoti moja, akavuka, halafu akaogopa kurudi. Hapo amefungiwa ndani pamoja na kuku!
- Mkanda ukikaa siku nzima usiku kucha, unachubua shingo na kuleta vidonda. Uvuliwe kila siku na ngozi ikaguliwe.
- Mbwa mwoga anaweza kuharibika tabia. Akipigwa shoti wakati mtoto anapita, anaweza kudhani mtoto ndiye aliyemuumiza.

Kwa sababu ya maumivu hayo, si nchi zote zinazokubali mikanda hii. Wales, iliyo sehemu ya Uingereza, iliipiga marufuku mwaka wa 2010. Hapa Kenya tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Anayetumia mkanda aanze na nguvu ya chini kabisa, na asiufanye kuwa chombo cha kuadhibu.

Tena ua huu hauwezi kufanya kazi bila mafunzo. Kumvisha mbwa mkanda na kumwachilia ni kumtesa bure, maana hajui shoti imetoka wapi. Panda vibendera vidogo kwenye mpaka. Kwa siku za kwanza mtembeze kwa kamba, mkanda ukitoa sauti tu bila shoti. Ukilia, mvute nyuma taratibu, umsifu, umpe kipande cha chakula. Fanya hivyo dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku, kwa muda wa wiki mbili hivi. Mwisho mbwa anajua kwamba sauti ikilia, njia ya usalama ni kurudi. Mbwa aliyefundishwa vizuri hurudi kwa sauti peke yake.

ANZA NA BANDA, NDIPO UFIKIRIE STIMA

Ushauri wetu ni huu: kama una pesa ya kitu kimoja tu, linda kuku kwa ua wanaoweza kuuona mbwa wote. Wavu mzuri haujui mbwa wako na mbwa wa jirani, wala haungojei stima irudi.

Banda la usiku. Liinue juu ya ardhi kwa nguzo, sakafu iwe ya mbao au fito zilizokazwa. Kuku wakubwa wanne au watano wanatosha kwa kila mita moja ya mraba. Mlango uwe na komeo, si kamba ya kufungia gunia. Mbwa anajua kusukuma kwa pua.

Ua wa mchana. Nguzo za miti na wavu wa kama mita moja na nusu mpaka mbili kwenda juu. Ule wavu mwembamba wa kuku unawazuia kuku kutoka, lakini mbwa mkubwa anaweza kuurarua. Kwa hivyo sehemu ya chini weka wavu mzito, mabati ya zamani, mbao za maganda au mianzi iliyopangwa karibu karibu. Mbwa akishindwa juu, atachimba. Chimba mtaro wa sentimita 30 uzike wavu humo, au ulaze wavu chini kuelekea nje na kuuwekea mawe mazito.

Ua wa kupanda. Asiye na pesa ana nguvu na wakati. Michongoma iliyopandwa karibu karibu na kupunguzwa kila mara inakuwa ukuta ambao mbwa hapiti. Ngoja miaka kadhaa ishikane, na huku chini zibe mapengo kwa miiba.

Vifaranga. Wiki za kwanza wakae na mama yao ndani ya tenga zito au kizimba kidogo chenye wavu, na juu kufunikwe. Huko ndiko hasara nyingi zinakotokea, kwa mbwa na kwa mwewe pia.

Kuku wanaoruka. Kata ncha za manyoya makubwa ya bawa moja tu. Akiruka anayumba, anarudi chini. Haumii, na manyoya yanaota tena.

MPE MBWA RATIBA

Nyumba nyingi hufunga mbwa mchana na kumfungulia usiku. Ratiba hiyo ni nzuri kwa kuku: wao wanatembea mchana, usiku wako ndani. Lakini mbwa anayefungwa mnyororo mfupi kutwa nzima anakuwa mkali na mwenye wazimu wa kukimbiza. Kuna njia bora. Chukua waya imara, uukaze kati ya nguzo mbili, utie pete, na mnyororo ufungwe kwenye pete. Pete inateleza, mbwa anatembea huku na huku, lakini hafiki kwa kuku. Awe na kivuli na maji.

Mtoto wa mbwa ndiye wa kufundisha. Tangu akiwa mdogo, kabla ya miezi mitatu na nusu, azoee kuwaona kuku akiwa kwenye kamba. Akiwatazama na kutulia, msifu na umpe kitu. Akiwarukia, mzuie kwa kamba na useme neno moja kila siku, kama "Acha!" Watu wote nyumbani watumie neno hilo hilo. Usimwache peke yake na kuku mpaka awe mtu mzima na umemthibitisha. Na mlishe vizuri. Mbwa asiyepewa chakula atajitafutia.

MBWA AKIWA WA JIRANI

Hapa ndipo maneno huharibika. Tunashauri hivi. Kwanza, usiende na hasira wala panga. Hesabu hasara, mwonyeshe jirani kuku waliouawa, na kama kuna shahidi, awepo. Pili, zungumzeni juu ya mambo mawili tofauti: malipo ya kuku, na jinsi ya kuzuia isitokee tena. Jirani akilipa lakini mbwa akaendelea kuzurura, hamjamaliza. Tatu, mkishindwa, mpelekeeni mzee wa kijiji au Nyumba Kumi, halafu chifu. Mwenye mbwa naye asingoje kuitwa. Akisikia mbwa wake amefanya hasara, aende mwenyewe. Kuku mmoja mzima aliyepelekwa mapema huzima moto mkubwa.

Kutega sumu kusifikiriwe kabisa. Nyama yenye dawa ya wadudu haichagui: inaua mbwa wa tatu asiye na kosa, inaua tai wanaokula mzoga, na mtoto anayeokota kitu chini anaweza kuwa wa kwako.

KICHAA CHA MBWA

Mbwa anayezurura akiua kuku anaweza pia kuleta kichaa cha mbwa. Mwaka wa 2014 Kenya ilianza mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Mpeleke mbwa wako achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Muulize afisa wa mifugo wa wodi yenu siku ya chanjo. Mbwa mgeni akirarua kuku wako huku akitokwa na mate na kubadilika tabia, usimguse, na kuku huyo usimpike. Mpashe habari afisa wa mifugo.

Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Usingoje uone kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo.

KWA UFUPI

Ua usioonekana ni msaidizi wa mwenye mbwa wake aliyefundishwa, mwenye stima na mwenye muda wa kukagua mkanda kila siku. Hauwezi kuchukua nafasi ya banda. Kwa wengi wetu mpango ni huu: wiki hii, komeo la mlango na tenga la vifaranga, mwezi huu, waya wa kuteleza kwa mbwa na chanjo yake, kabla ya mvua, wavu na mtaro. Halafu, kama bado kuna pesa na bado kuna shida, ndipo mfikirie umeme.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mwaka uliopita kila mmoja wetu amepoteza kuku wangapi kwa mbwa? Tukijumlisha, ni shilingi ngapi?
2. Ni nyumba zipi katika kikundi zina wazee au wajane wasioweza kuchimba mtaro wenyewe? Tutawasaidia siku gani?
3. Je, tunaweza kununua wavu kwa pamoja ili tupate bei ya jumla?
4. Mbwa wangapi kijijini hawajachanjwa, na nani atazungumza na afisa wa mifugo?
5. Tukubaliane: mbwa wa mmoja wetu akiua kuku wa mwingine, tutalipana vipi bila kuvunja ujirani?